Barua Zilizopita kwa Otmar

Mwaka wa tisini na tisa, kambi ilipofungiwa dishi la setilaiti, watu wake walikuwa wamekwisha kuchokana. Ilikuwa kambi ya kampuni ya utafutaji dhahabu, upande wa Katoro, juu ya kilima kilichofyekwa mpaka kikabaki udongo mwekundu mtupu. Ndani ya uzio waliishi wanajiolojia, wachorongaji, madereva na makarani. Nje ya uzio walikuwapo wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo yao ya kuchimbia dhahabu, na kila upande uliuita mwenzake mwizi.

Heena Mohsin aliletwa pale kwa sababu ya hilo dishi. Baba yake alikuwa na duka la vipuri Shinyanga mjini, na lori lake lilikuwa likiiletea kambi mahitaji ya magari na mashine. Mzee Mohsin ndiye aliyemwambia meneja kwamba binti yake amesomea kompyuta India. Alidhani atakwenda, atafunga vyombo, atarudi nyumbani. Heena akabaki. Shangazi zake Shinyanga walisema msichana wa watu analala porini katikati ya wanaume. Wale wanaume nao walimwita Mhindi, kana kwamba hakupewa jina.

Chumba chake kilikuwa cha mabati, joto lake la kupikia uji. Humo ilikaa kompyuta moja kuukuu iliyosimama kati ya kompyuta zote za kambi na dishi. Hakuna kilichotoka kambini kwenda nje bila kupita humo. Ndani yake Heena alikuwa ameweka kile walichokiita ukuta wa moto, yaani sheria fupi fupi zinazoiambia mashine kipi kipite na kipi kirudishwe. Ilikuwa kama bawabu asiyelala wala kula rushwa. Tatizo la bawabu wa namna hiyo ni kwamba hufanya lolote analoagizwa.

Asubuhi moja meneja wa kambi, Donatus, alimwita ofisini. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Otmar, mkuu wa ulinzi, mwanajeshi mstaafu mwenye shingo fupi na sauti ya chini.

"Shikamoo, Mzee Otmar," Heena alisema.

Otmar akaitikia kwa kichwa tu.

"Majibu ya vipimo vya miamba yanavuja," Donatus alianza. "Tukipata shimo zuri, kabla sijamaliza kuandika taarifa, wachimbaji wako palepale na sururu zao. Mtu wa humu ndani anawaandikia wenzake huko nje, halafu wachimbaji wanapelekewa habari. Sasa nataka kila barua pepe inayotoka kambini ipite kwanza kwenye kompyuta ya Mzee Otmar. Aisome. Akiridhika, ndipo aiachie iende."

"Ya kila mtu?"

"Ya kila mtu, isipokuwa yangu."

Heena alimtazama Otmar, kisha akamrudia meneja. "Bwana Donatus, watu wanaandikia wake zao. Wanaandikia madaktari."

"Waandike kwa kalamu na stempu. Setilaiti ni ya kampuni."

"Basi tuwaambie kwamba zinasomwa."

"Tukiwaambia, mwizi ataacha kuandika. Hivi huko India walikufundisha nini?"

Otmar akacheka puani.

"Na nikisema sitaki?" Heena aliuliza.

Donatus hakupandisha sauti. "Nitampigia mzee Mohsin nimwambie lori lake lisije tena. Vipuri viko vingi Mwanza."

Alasiri ile Heena alimpigia baba yake kwa simu ya setilaiti. Alimweleza kwa Kigujarati, polepole, jambo lote jinsi lilivyo. Mzee Mohsin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dikri, binti yangu," alisema, "wewe umeajiriwa. Barua za watu si zako. Fanya unachoambiwa, uwe na adabu."

Akafanya. Kila barua pepe inayotoka hupitia mlango mmoja wa mtandao unaojulikana, mlango namba ishirini na tano, na hizo za kambi zote zilikuwa zikienda moja kwa moja kwenye mashine ya barua Dar es Salaam. Heena aliandika sheria: chochote kitakachotoka kwenye kompyuta za kambi kuelekea mlango huo, kigeuzwe, kipelekwe kwa Otmar. Mara ya kwanza haikukubali. Kompyuta ya Otmar ilipokea, lakini ilijibu kwa jina lake yenyewe, na ile iliyotuma ikalikataa jibu kwa kuwa haikuwa imesema na Otmar, ilikuwa imesema na Dar es Salaam. Ikabidi aandike sheria ya pili, ili kila kinachogeuzwa kijifanye kimetoka kwenye ile kompyuta ya katikati, na majibu yarudi kwa njia hiyohiyo, yamevaa jina la Dar es Salaam. Baada ya hapo mambo yakaenda laini. Aliyetuma barua aliona maneno yaleyale ya siku zote, kwamba barua yako imekwenda. Heena aliijaribu kwa barua yake mwenyewe, akaona imekubali, akazima taa ya meza akakaa tu.

Hazikupita siku nyingi kambi ikaanza kunuka. Mchorongaji aliyemwandikia kaka yake kwamba kichwa cha meneja ni kama chungu cha pombe alihamishiwa mashine ya mbali kabisa, ile ya bondeni kwenye mbung'o. Dereva mmoja aliulizwa na Otmar mbele ya wenzake kama mkewe wa Tabora bado anataka talaka. Watu wakaanza kutazamana. Nani alisema? Wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja walipigana mpaka mmoja akang'oka jino, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye mdomo mrefu. Hakuna aliyeishuku mashine. Mashine haina mdomo.

Walimshuku Coletha.

Coletha alikuwa karani wa kuchapa, mjane wa makamo kutoka Ushirombo, mama wa binti mmoja, ndiyo maana wengi walimwita Mama Serafina. Kompyuta yake ndiyo pekee ambayo wafanyakazi wa kawaida waliruhusiwa kuitumia, na kwa kuwa wengi hawakuzoea vitufe, walimsomea maneno yao naye akawachapia. Kwa hiyo siri zote zilizotoka nje zilikuwa zimepita mikononi mwake. Walichohitaji ni kuunganisha tu. Wakaacha kumsalimu. Mtu akaandika kwa mkaa kwenye mlango wake: ANAUZA MANENO.

Heena aliliona andiko lile akienda kuoga. Alisimama mbele yake na taulo begani, akaendelea kwenda.

Kisha Coletha aliandika barua yake mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, amekonda mpaka kwisha, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutaja ugonjwa. Yeye alikuwa amekwenda kupima damu Mwanza, na sasa alimwandikia Sista Scolastika, muuguzi aliyemchukua damu, akimwomba amwambie kama majibu yametoka ili aombe ruhusa ya kusafiri. Aliandika mlango umefungwa. Hakumwambia mtu.

Kesho yake mchana, alipopanga foleni ya chakula, mpishi Dorika alimpa sahani iliyopakwa alama ya rangi nyekundu ukingoni, na kikombe chenye alama kama hiyo.

"Ni nini hii?" Coletha aliuliza.

"Ni yako," Dorika alisema, akimimina mchuzi kwa mkono ulionyooshwa mbali. "Utakuwa unaosha mwenyewe. Mzee Otmar kasema."

Watu wote waliokuwa kwenye benchi lile walihama. Coletha alikaa peke yake, akala mpaka akamaliza, akaosha sahani yake bombani. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mabati, akafunga mlango nyuma yake.

"Niliandika peke yangu," alimwambia Heena. "Sikuitamka kwa mdomo. Hata padri sikumwambia. Mwenye mashine ni wewe."

Heena alikuwa amefikiri mara nyingi atasema nini siku hii ikifika. "Zinapita kwa Otmar," alisema. "Zote. Meneja aliagiza."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Coletha alihesabu kimya. Ilionekana machoni kwamba alikuwa akikumbuka barua moja moja, za kwake na za wengine alizozichapa. "Kwa hiyo waliponiandikia mlangoni, ulijua."

"Nilijua."

"Ukapita."

"Mama Serafina, baba yangu..."

"Usinitajie baba yako. Mimi wangu ameshazikwa." Alisogea karibu na meza. "Itoe hiyo kitu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Heena aliigeukia kompyuta. Coletha alitema mate sakafuni, karibu na mguu wa kiti cha Heena, akatoka.

Ni mate yale yaliyomnyanyua Heena. Alikwenda ofisini kwa Otmar bila kubisha hodi. Mzee alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani puani, anasoma kwa kidole kama mtu anayesoma misale.

"Umempata huyo mwizi?" Heena alimuuliza. "Umesoma barua zote hizi. Nani anayevujisha?"

Otmar aliona hakuna sababu ya kudanganya. "Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna anayevujisha. Nililijua wiki ileile ya kwanza. Nilitembea huko kwenye maduara nikawauliza wenyewe." Alivua miwani akaifuta kwenye shati. "Mashine ya kuchoronga ikitoboa mahali pasipo na kitu, inahama. Ikipata kitu inarudi, inatoboa kushoto, inatoboa kulia. Inanguruma hapo wiki nzima. Wachimbaji wanakaa juu ya kichuguu wanatazama. Ikiondoka, wanaingia na sururu. Barua ya nini?"

"Kwa nini hukumwambia meneja?"

"Ili iweje?"

"Ili watu waachwe."

"Nilikuwa mlinzi wa geti hapa," Otmar alisema. "Mwaka mzima walinipita na magari yao wakinitimulia vumbi. Hakuna aliyeshusha kioo kunisalimu. Sasa hivi nikipita, wanasimama. Wewe mwenyewe umeona." Akavaa miwani yake. "Na umenisaidia sana. Funga mlango ukitoka."

Heena alikwenda kwa Donatus, akamweleza habari ya mashine na kichuguu, neno kwa neno. Alidhani hilo litatosha. Donatus alimsikiliza huku akipanga sampuli za mawe mezani, moja juu ya nyingine.

"Nimekwisha waandikia Dar es Salaam kwamba nina mwizi humu," alisema. "Nimewaambia nakaribia kumkamata. Wamemtuma mkaguzi aje kuona. Unataka nimwambie mkaguzi kwamba nimeshindwa na watu waliokaa kwenye kichuguu?"

"Ndiyo ukweli."

"Mwizi lazima awepo, Heena. Kaa na mashine zako."

Mkaguzi alifika kabla ya juma kwisha. Aliitwa Evance, mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata baada ya safari ile, na alikuwa na kompyuta yake ya kubeba mkononi. Aliomba iunganishwe kwenye mtandao wa kambi. Heena aliiunganisha, akatoka, akamkuta Donatus kibarazani.

"Barua zake je?" alimuuliza. "Nimtoe kwenye ile sheria?"

"Mwache humohumo," Donatus alisema bila kumwangalia. "Nataka kujua anaandika nini juu yangu."

Kwa hiyo barua za mkaguzi nazo zikawa zinakwenda kwa Otmar, na Otmar akawa anamnong'oneza meneja, na meneja akawa anazidi kuwa mweusi usoni kila siku. Evance hakujua lolote. Aliuliza maswali, akapimapima, akaandika. Coletha alikula kwenye sahani yake yenye alama. Siku moja alama ilikuwa imefifia kwa kusuguliwa, na Dorika akaipaka upya.

Siku ya Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, Donatus aliamuru kila mtu aje bwaloni, hata wachorongaji wa bondeni. Evance alikaa meza ya mbele. Otmar alisimama mlangoni na walinzi wake wawili. Donatus alisimama akagonga bilauri kwa kijiko.

"Wote mnajua tulikuwa tukiibiwa," alisema. "Wapo waliosema meneja anaota. Leo nawaonyesha. Kuna mtu ambaye kila taarifa ya hapa imepita mkononi mwake ili aichape. Mtu huyo ana binamu yake huko kwenye maduara, jina tunalo. Mama Coletha, simama."

Coletha hakusimama. Alikuwa na kijiko mkononi, akakiweka chini taratibu.

"Nina binamu kweli," alisema. "Anauza maandazi. Muulizeni."

Mtu mmoja nyuma akasema atoke na sahani yake. Wengine wakacheka, kicheko kile cha watu waliofurahi kwamba si wao. Mchorongaji aliyehamishiwa bondeni alisema kwa sauti kwamba alijua tangu mwanzo, mwanamke huyu ndiye aliyempeleka kwenye mbung'o. Dereva wa Tabora alisema hata yeye. Benchi zikaanza kusogezwa. Walinzi wawili wakaanza kumwendea Coletha.

Heena alijikuta amesimama.

"Si yeye," alisema. Hawakumsikia, akarudia kwa nguvu. "Si yeye aliyesema siri zenu. Ni mimi."

Walinzi wakasimama, wakamgeukia.

"Kaa chini," Donatus alisema.

"Barua zenu zote zinasomwa na Mzee Otmar. Hazijawahi kwenda moja kwa moja tangu kabla ya mvua. Meneja aliagiza, mimi nikaandika sheria ya kuzigeuza. Mama Serafina alikuwa anachapa tu. Hakumwambia mtu neno."

"Huyu binti amechanganyikiwa," Donatus alimwambia mkaguzi. "Ni homa. Tutampeleka hospitali."

Heena hakubishana naye. Alimgeukia mkaguzi. "Bwana Evance, leo asubuhi umemwandikia mkurugenzi wako. Barua hiyo haijafika. Iko kwenye kompyuta ya Mzee Otmar, bado hajaiachia. Twende tukaione."

Evance alikuwa mtu wa kutabasamu kwa adabu, na tabasamu lilikuwa bado usoni. Likaondoka. "Barua yangu mimi?"

"Yako pia."

Akainuka. Otmar alisimama mlangoni, na kwa muda ilionekana kama hatapisha. Evance akamwambia, "Ufunguo." Mzee alitazama upande wa Donatus. Donatus alikuwa ameinamisha macho kwenye sahani. Otmar akatoa ufunguo.

Walikwenda wote, bwalo zima, wakiburuza miguu kwenye udongo. Chumba kilikuwa kidogo, wengine wakabaki madirishani. Heena aliifungua kompyuta. Barua zilikuwa zimepangana kioo kizima, majina ya waandishi upande mmoja. Ya Evance ilikuwa juu. Aliisoma mwenyewe, midomo ikisogea, na mtu aliyesimama begani kwake akaisoma kwa sauti kabla hajaweza kumzuia: *Ndugu Mkurugenzi, meneja wa hapa ana hofu nyingi kuliko akili.*

Hakuna aliyecheka. Chini ya barua ile kulikuwa na nyingine, na nyingine. Mchorongaji wa bondeni aliona jina lake. Dereva wa Tabora aliona jina lake, na la mkewe. Kila mtu alikuwa anajisukuma mbele ajione. Kilichofuata hakikuchukua muda. Mtu alimpiga Otmar ngumi ya sikio, miwani ikaruka, na walinzi wake wawili, ambao nao walikuwa wameona majina yao, hawakuinua mkono. Kompyuta ilitolewa nje na waya zake ikatupwa ngazini, kisha ikapigwa sururu mpaka ikawa chuma chakavu.

"Na aliyezileta huku?" mtu akauliza. "Yuko wapi yule Mhindi?"

Heena hakukimbia. Mchorongaji alimkamata ukosi wa shati. "Wewe ndiye uliyezigeuza?"

"Mimi."

Alimpiga mdomoni kwa nyuma ya mkono. Mwingine akamvuta nywele. Dorika mpishi ndiye aliyeingia katikati na mwiko wake mrefu wa ugali, akiwatukana kwa Kisukuma mmoja mmoja kwa ukoo wake, mpaka wakamwachia. Coletha alikuwa amesimama karibu. Alitazama yote, hakusogea.

Alasiri ileile Evance alimkalisha Heena mbele ya kompyuta ya katikati, akasimama nyuma yake. Heena, na leso yenye damu mkononi, alizifuta zile sheria mbili. Akamwonyesha barua ya majaribio ikienda mpaka Dar es Salaam bila kusimama popote.

"Kuna nakala za barua zangu mahali pengine?" Evance aliuliza.

"Hakuna. Zilikuwa kwenye ile iliyovunjwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na za wengine pia hazipo."

Hilo la wengine hakulijibu. Coletha alikuwa amefika mlangoni, sahani yake mkononi. Alisubiri mpaka mkaguzi alipomwona.

"Na mimi, bwana?" aliuliza. "Nimeitwa mwizi mbele ya watu. Nimepakiwa rangi kwenye chombo changu. Kuna kitu chochote utakachosema?"

"Jambo lako ni la utawala wa kambi," Evance alisema. "Andika malalamiko, yatashughulikiwa."

"Niandike," Coletha alisema. "Kwa kompyuta?"

Evance alishughulika na kufunga mkoba wake.

Ndivyo ilivyokwisha. Otmar aliondolewa siku iliyofuata kwa gari la chakula, sikio limevimba. Donatus aliitwa Dar es Salaam, na baadaye ikasikika kwamba amepewa ofisi yenye zulia, maana aliyemtaja vibaya ni mkaguzi mmoja tu, na wakubwa zake walikuwa wamesoma naye. Heena aliachishwa kazi kwa kosa la kuingilia mawasiliano ya kampuni. Alipoomba waandike ni nani aliyemwagiza, walimjibu kwamba hakuna agizo la maandishi, na ilikuwa kweli. Lori la mzee Mohsin liligeuzwa getini pamoja na mzigo wake.

Gari lililomwondoa lilikuwa linakwenda Isaka kupokea shehena ya mabomba iliyoletwa na treni. Dereva alikuwa yule wa Tabora. Alitupa begi la Heena nyuma bila kumsalimu. Juu ya viroba vitupu, nyuma ya gari, alikuwa amekaa Coletha na sanduku la bati. Alikuwa amejiachisha mwenyewe.

Walisafiri hivyo, wakitazamana magoti, wakila vumbi. Walipita Bwanga, wakapita Runzewe. Kwenye daraja moja gari lilisimama dereva ajaze maji, Heena akasema, "Mama Serafina, naomba unisamehe."

Coletha alijifunga kanga upya kichwani. "Ulisema kweli siku ile. Sikatai. Lakini ulisubiri mpaka nivuliwe nguo mbele ya watu. Siku zote kabla ya hapo ulikuwa unakula meza ileile, unaniona na sahani yangu."

"Niliogopa."

"Sote tuliogopa. Ila mimi sikumgeuzia mtu kitu."

Heena aliinamisha kichwa. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba, akaulamba. Alikuwa na swali, na ilionekana.

"Unataka kuuliza," Coletha alisema.

"Hapana."

"Unataka. Kambi nzima inataka. Sista Scolastika amenijibu. Barua imekuja kwa mkono, kwenye bahasha, imebandikwa gundi." Alimtazama Heena usoni kwa mara ya kwanza tangu waondoke. "Majibu nimeyasoma. Ni yangu."

Ushirombo gari liliposimama, Coletha alishusha sanduku lake mwenyewe, akakataa mkono ulionyooshwa kumsaidia. Msichana mmoja mwenye sare ya shule alikuja mbio kumpokea, wakaongea Kisumbwa, wakashika sanduku huku na huku wakaondoka nalo. Hakugeuka nyuma.

Isaka, Heena alipanda basi la Shinyanga. Aliingia dukani kwa baba yake jioni kabla hawajafunga. Mzee Mohsin alikuwa akipanga mikanda ya injini kwenye misumari ya ukutani, kwa kuwa sasa ilikuwa mingi na haina pa kwenda. Alimwona binti yake, akauona na mdomo wake. Alimaliza kutundika ule aliokuwa ameushika.

"Mama yako ameweka chakula," alisema, na akaendelea na kazi.

Heena aliweka begi nyuma ya kaunta, akachukua mikanda iliyobaki, akaanza kumpa mmoja mmoja. Walifanya kazi ile bila kusemezana mpaka ukuta ukajaa.